Nani Anaweza Kumfukuza? Uteuzi wa Waendesha Mashtaka Maalum katika Serikali ya Shirikisho ya Marekani

Mabibi na mabwana, naomba niingie moja kwa moja kwenye tatizo lenyewe. Marekani haina ofisi ya mashtaka ya shirikisho iliyo nje ya mamlaka ya Rais. Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria na mkubwa wa waendesha mashtaka wote wa shirikisho, huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na Rais anaweza kumwondoa siku yoyote. Wale miongoni mwetu waliozoea utaratibu wa Kenya, ambako Katiba ya 2010 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma muhula mmoja wa miaka 8 na kumkinga dhidi ya maagizo ya mtu yeyote, itawabidi waweke mazoea hayo kando kwa muda. Kule Washington, upelelezi unapomfikia Rais au watu wake wa karibu, anayetakiwa kuamua kama kuna kesi ya kupelekwa mahakamani ni mtu aliyepewa kazi na huyo huyo anayechunguzwa. Wahenga wetu walikwisha kuipa hali hii jina: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Dawa ambayo Wamarekani wameitumia kwa karibu miaka 150 ni kumchukua wakili mwenye heshima, mara nyingi kutoka nje ya serikali, na kumkabidhi upelelezi huo mmoja. Mjadala kuhusu uteuzi huu umetawaliwa na swali la nani ateue: Rais, Mwanasheria Mkuu, au majaji. Mimi nashikilia kwamba swali zito zaidi ni lile la nani anaweza kumfukuza mteuliwa, kwa sababu zipi, na baada ya kumfukuza atajieleza mbele ya nani. Siku ya kufukuzwa ndiyo siku inayoonyesha kama uhuru alioahidiwa ulikuwa wa kweli.

Tazameni mwanzo wake. Mwaka 1875 Rais Ulysses Grant alikubali John Henderson, aliyewahi kuwa seneta, aendeshe mashtaka dhidi ya mtandao wa watengenezaji wa wiski na maofisa wa kodi waliokuwa wakiiibia hazina. Upelelezi ulipomfikia katibu binafsi wa Rais, na Henderson akatamka mahakamani maneno yaliyochukuliwa kuwa yanamgusa Rais, alifutwa kazi. Katika miaka ya 1920, kwenye kashfa ya mafuta ya Teapot Dome, mambo yalikwenda vizuri zaidi: Rais Calvin Coolidge aliteua mawakili wawili, mmoja wa kila chama, Seneti ikawathibitisha, na mwaka 1929 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Albert Fall, alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa. Lakini Fall alikuwa waziri wa serikali iliyopita. Rais aliyewateua mawakili wale hakuwa na sababu ya kuwaogopa.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye mwaka 1973, kwa sababu karibu kila kinachobishaniwa hadi leo kimo humo. Elliot Richardson alipopendekezwa kuwa Mwanasheria Mkuu, upelelezi wa Watergate, yaani kashfa ya uvamizi wa ofisi za chama cha upinzani cha Democratic, ulikuwa umeshaanza kuisogelea Ikulu, na maseneta waliitumia nafasi yao ya kumthibitisha kumbana. Richardson aliahidi kuteua mwendesha mashtaka maalum na kutomwondoa isipokuwa kwa utovu mkubwa wa maadili, na ahadi hiyo ikaingizwa katika kanuni za wizara. Alimteua Archibald Cox, profesa wa sheria wa Harvard. Mwezi Julai ikajulikana hadharani kwamba Rais Richard Nixon alikuwa akirekodi mazungumzo ofisini mwake, na Cox akazidai kanda mahakamani.

Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1973, Nixon alimwamuru Richardson amfukuze Cox. Richardson alikataa na kujiuzulu. Amri ikashuka kwa naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa na kuondoka. Ikamfikia wa tatu kwa cheo, Robert Bork, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, naye akaitekeleza. Usiku ule ule maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, walizifunga ofisi za Cox. Jambo linalosahauliwa ni hili: kanuni iliyomlinda Cox ilikuwa bado ni sheria saa ile alipofukuzwa, na ilifutwa siku tatu baadaye. Mwezi Novemba jaji wa shirikisho mjini Washington alitamka kwamba kufukuzwa huko kulikuwa kinyume cha sheria. Hata hivyo, Cox hakurudi kazini.

Kilichookoa upelelezi ni ghadhabu ya wananchi, waliomimina simu na telegramu Bungeni, pamoja na hofu ya Nixon ya kuondolewa madarakani. Leon Jaworski aliteuliwa kuchukua nafasi ya Cox, safari hii chini ya kanuni iliyosema kwamba Rais hatamwondoa bila kushauriana na viongozi wanane wa Kongresi na kupata muafaka wao. Kanuni hiyo ilizaa matunda. Tarehe 24 Julai 1974, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba Nixon atoe kanda, na ikasema waziwazi kwamba maadamu kanuni ile haijafutwa, serikali yote inafungwa nayo. Nixon aliondoka madarakani tarehe 9 Agosti. Katika hukumu hiyo mna nguvu na udhaifu kwa pamoja, kwa kuwa kanuni inayofunga maadamu haijafutwa inaweza kufutwa na yule yule aliyeitunga.

Kongresi ililielewa hilo, na mwaka 1978 ikatunga sheria iliyohamishia uteuzi kwa jopo la majaji watatu, na kumruhusu Mwanasheria Mkuu kumwondoa mteuliwa kwa sababu ya msingi tu. Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 1988 kwa kura 7 kwa 1. Aliyepinga peke yake, Jaji Antonin Scalia, alionya kwamba mtu aliyepewa mtuhumiwa mmoja, bajeti isiyo na ukomo na muda usio na mwisho atatafuta kosa hadi alipate. Mimi sikubaliani na hitimisho lake kuhusu Katiba, lakini onyo lake lilithibitishwa na matukio. Upelelezi wa Lawrence Walsh kuhusu silaha zilizouzwa Iran kwa siri ulichukua zaidi ya miaka sita. Ule wa Kenneth Starr ulianza na biashara ya ardhi Arkansas na kuishia kwenye uhusiano wa Rais Bill Clinton na kijana aliyekuwa akifanya kazi Ikulu. Vyama vyote viwili vilichoka, na tarehe 30 Juni 1999 sheria iliachwa ife bila kuhuishwa.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo linanikera hadi leo. Maradhi ya sheria ile yalikuwa ukosefu wa mipaka ya kazi na ya muda. Badala ya kuyatibu maradhi hayo, waliondoa na kinga yenyewe. Kanuni za Wizara ya Sheria za mwaka 1999, ambazo ndizo zinazotumika hadi sasa, zinamrudishia Mwanasheria Mkuu uteuzi, mipaka ya upelelezi na uamuzi wa kufukuza. Zinasema, ni kweli, kwamba kumfukuza kunahitaji sababu ya msingi, kama vile utovu wa nidhamu au mgongano wa maslahi. Lakini zinasema pia kwamba hazimpi mtu yeyote haki ya kudai mahakamani.

Hati iliyomteua Robert Mueller tarehe 17 Mei 2017 kuchunguza jinsi Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa 2016, na uhusiano wake na kampeni ya Donald Trump, ni ya ukurasa mmoja. Aliyeitia saini ni Naibu Mwanasheria Mkuu, Rod Rosenstein, kwa kuwa bosi wake, Jeff Sessions, alikuwa amejiondoa katika suala hilo kwa sababu alishiriki kampeni hiyo. Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi tarehe 17 Juni, kwa mujibu wa ripoti ya Mueller mwenyewe, Rais alimpigia simu nyumbani mwanasheria wa Ikulu, Don McGahn, akimwelekeza amwambie Rosenstein kwamba Mueller lazima aondoke. McGahn hakutekeleza, akajiandaa kujiuzulu. Kanuni za 1999 hazikufanya kazi yoyote siku ile. Kama ilivyokuwa kwa Richardson, upelelezi ulisimama juu ya dhamiri ya mtu mmoja, na nchi haiwezi kujenga utawala wa sheria juu ya matumaini kwamba atakayepokea simu atakuwa mtu wa namna hiyo.

Hata ripoti ilibaki mikononi mwa mteule wa Rais. Kanuni zinaitaja kuwa ya siri kwa Mwanasheria Mkuu. Kwa hiyo mwezi Machi 2019 umma ulipokea kwanza barua ya kurasa nne ya William Barr, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, ukasubiri zaidi ya wiki tatu kabla ya kusoma kurasa 448 za Mueller, baadhi ya sehemu zikiwa zimefichwa.

Kisha mwezi Julai 2024, Jaji Aileen Cannon wa Florida alitupilia mbali kesi ya nyaraka za siri dhidi ya Trump, akisema kwamba tangu 1999 hakuna sheria ya Kongresi inayoruhusu uteuzi wa aina aliyopewa Jack Smith, mwendesha mashtaka maalum aliyeifungua kesi hiyo. Mahakama nyingine, ikiwamo ya rufaa ya Washington mwaka 2019, zilikwishaamua kinyume chake, nami naona hizo ndizo zilizosoma sheria sawasawa. Rufaa ilianza, Trump akashinda uchaguzi wa Novemba, na serikali ikaachana nayo, hivyo hoja hiyo haikuamuliwa na mahakama ya juu zaidi.

Dawa iliwahi kuandikwa. Aprili 2018, kamati ya sheria ya Seneti ilipitisha kwa kura 14 kwa 7 muswada ambao ungempa mwendesha mashtaka maalum aliyefukuzwa siku 10 za kwenda mbele ya majaji kudai sababu. Warepublican kadhaa waliuunga mkono Rais wa chama chao akiwa madarakani, na kiongozi wa Seneti, Mitch McConnell, alikataa kuufikisha ukumbini. Ningeuchukua muswada huo ulivyo, nikauacha uteuzi kwa Mwanasheria Mkuu ili pawepo mtu wa kulaumiwa, kisha nikauongezea mambo mawili: mipaka ya upelelezi iandikwe katika hati ya uteuzi na isipanuliwe bila idhini iliyoandikwa na kutangazwa, na ripoti ifike kwa kamati za sheria za Kongresi siku ile ile inapomfikia Mwanasheria Mkuu.