Msiagize Boksi Kutoka Uingereza: Somo la Mikoko kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani Mombasa

Assalam aleykum ndugu zangu wa Mombasa. Swali ni lile lile kila wiki: lile boksi la masomo ya mazingira wanalonunuliwa watoto wanaosomea nyumbani huku Uingereza, mtatumiwaje? Nikisema msilinunue, wapo watakaosema nawabania. Siwabanii. Ndani mna kadi za majani ya mti wa oak na ndege wa majira ya baridi. Ulipie boksi, ulipie posta, kisha forodha nao wadai chao, kwa majani ambayo mtoto wa Mikindani hatayaona. Na msidhani huku ni raha tupu. Sheria inaruhusu kumsomesha mtoto nyumbani, lakini ada ya mitihani ni juu ya mzazi, na kituo cha kumfanyia mtihani unakitafuta mwenyewe, fomu juu ya fomu. Inachosha, wallahi.

Haya. Tafuteni kamba ya mita 2 na kidogo ya kufungia, penseli, daftari, lenzi ya kukuza mara 10 na viatu vya raba vikuukuu. Kalamu ya wino iacheni nyumbani; daftari likiloa, kazi yote imepotea.

Kubwa ni siku. Nendeni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida: tarehe mosi au tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, au siku mbili zinazofuata. Wakati huo Mombasa maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Fikeni saa nzima kabla, na maji yakigeuka tokeni. Kosa la wazazi wengi ni kupanga “kila Jumanne saa 4”. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumanne ya pili mtakuta maji mafu, yasiyopwa sana, tena saa hiyo yamejaa, tope limefunikwa, mtoto amevunjika moyo.

Ukingoni mwa mikoko, Tudor au Mtwapa, fungeni fundo kila sentimita 50, mtandaze kamba iwe mraba juu ya tope gumu, mhesabu mashimo ya kaa. Kisha tulieni dakika 10 mpaka kaa watoke. Kivuli chenu kikiangukia mraba, kaa wote huzama na mnaanza upya. Mwenye gando moja kubwa ni dume.

Halafu jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko. Lenzi iwe karibu kugusa jicho, jani ndilo lisogezwe mpaka lionekane wazi. Watoto hufanya kinyume, wakaona ukungu. Siku isiyo na mvua mtaona chembe nyeupe: ni chumvi ambayo mti unaitoa kupitia majani. Msiilambe, hori, yaani mkono huo wa bahari, hupokea maji taka.

Mkoko wenyewe mnaweza kuuotesha nyumbani. Okoteni yale matunda marefu yaliyoanguka, msichume. Kateni chupa tatu, tieni tope, mchomeke ncha iliyochongoka chini, theluthi moja tu. Chupa moja maji ya bomba, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu ya bahari. Maji yakipungua, ongezeni ya bomba katika zote, maana chumvi haipandi na mvuke. Mkiongeza ya bahari, chumvi itazidi kila wiki na jaribio limeharibika.

Kila mtoto na mwendo wake, siwapangii. Kwa maoni yangu, wa miaka 5 achore tu, wa miaka 11 apime urefu kila Jumamosi na kuandika tarehe.