Kabla ya Kumkopesha, Nunua Kwake

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, ndugu zangu wa Tanga, asalaam aleikum. Historia ya mkonge ulivyoanguka na watu kukosa kazi sitairudia. Kila aliyeketi hapa ana mzee nyumbani aliyeipitia. Niende kwenye bajeti: kiwanda kikipunguza watu, halmashauri imsaidie vipi aliyepoteza kazi?

Mfanyakazi akipunguzwa kazini, sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyesimama kwenye mashine miaka 20 anatoka na siku 70. Basi na halmashauri ina siku hizohizo 70 za kumsaidia. Zikipita, ameshauza cherehani ya mkewe.

Jawabu letu la kila siku tunalijua: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ni sheria nzuri na naitetea. Lakini mkopo bila mnunuzi ni deni tu. Kikundi kinakopeshwa kwa ajili ya vitofali vya pevingi, vile vya zege vya kutandaza uwanjani, kinanunua mashine, kinafyatua, vitofali vinapangwa uwanjani mpaka vinaota majani. Halmashauri hiyohiyo inapotengeneza uwanja wa soko, mkandarasi analeta vitofali kwa lori kutoka mkoa mwingine. Kisha tunaandika kwamba vijana hawarejeshi!

Chukueni uwanja wa mita za mraba 1,000. Kitofali cha sentimita 10 kwa 20, unene sentimita 6, vinaingia 50 kwa mita moja ya mraba: vitofali 50,000. Hiyo ni zege mita za ujazo 60, takribani mifuko 420 ya saruji. Saruji inatengenezwa hapo Pongwe. Kokoto zipo. Mikono ipo, na sasa haina kazi. Tunakosa kitu kimoja, karatasi ya oda.

Ataniambia mtu: vya vijana havina ubora, vinamomonyoka. Kweli vipo vinavyomonyoka, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza ni mchanga laini wa ufukweni. Chembe zake zinalingana, hazishikani vizuri. Ukiutumia kwenye mifuniko ya mitaro ni vibaya zaidi, chumvi inakula nondo na mfuniko unapasuka. Ya pili ni maji mengi. Zege la pevingi ukilifumbata mkononi libaki donge, lisichuruzike. Ya tatu, na hii ndiyo inayoua vingi, ni kutomwagilia. Kwa jua letu na upepo wa bahari, kitofali kikiachwa wazi kinakauka kabla ya kukomaa. Kifunikwe kwa nailoni au magunia, kibaki kibichi siku 7 angalau. Fundi mmoja mzoefu akiwasimamia, hayo yote wanayashika. Wala uwanja ukibonyea msikimbilie kulaumu kitofali. Mara nyingi kifusi hakikushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, au mawe ya ukingo hayakutangulia kujengwa, masika ikasomba mchanga wa chini, mistari ikaachana.

Mwingine atasema barabara ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Ndiyo. Lakini viwanja vya masoko, stendi, zahanati na shule ni vyetu. Tuanze na hivyo.

Na sheria ya manunuzi inatuunga mkono: asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kinachokwamisha ni namna tunavyofunga zabuni. Uwanja mzima ukiwa zabuni moja, kikundi cha watu kumi hakiiwezi. Tenganisha: vitofali peke yake, ushindiliaji peke yake, upangaji peke yake. Halafu lipeni kila baada ya mita za mraba 200 zilizokaguliwa. Mkandarasi mkubwa anaweza kungoja malipo miezi sita. Kikundi hakiwezi, wiki ya tatu wanachama wametawanyika na mashine imeuzwa.

Muda unanibana, kwa hiyo haya kwa kifupi. Viwanda vikipunguza uzalishaji, ushuru wa huduma nao unapungua, kwa kuwa unakokotolewa kwenye mauzo. Tafadhali pengo hilo msilifidie kwa mama ntilie na muuza samaki kule soko la Deep Sea. Hao ndio wanaomlisha aliyefukuzwa. Na panga lipite kwanza kwenye posho za vikao, semina na safari, miradi baadaye.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo kila kata ilete karatasi moja kwenye kamati ya fedha: uwanja gani, mita za mraba ngapi, vitofali vingapi, na kikundi gani kimeshakopeshwa kinachoweza kuvifyatua. Mtendaji wa kata ana kamba ya kupimia. Aanze kesho asubuhi.