Madina ya Mwanafunzi

REHEMA: Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo ustadhi wetu hatoroki. Wasikilizaji wanauliza kila siku habari za kusoma Madina, na aliyesoma huko nimekaa naye meza moja. Kaka Bakari, watu wanataka miezi ya mwanzo. Usituanzie na shahada.

BAKARI: Waaleikum salaam, dada Rehema. Shahada ilikuwa mbali mno! Mimi niliondoka Tanga nikiwa "sheikh" tayari, maana ukishapata nafasi ya Madina tu, mtaa umeshakupa cheo. Unafika, unapimwa Kiarabu, unapelekwa kitengo cha lugha. Sheikh mzima unakaa kwenye kiti kuitikia "hiki ni kitabu, ile ni nyumba".

REHEMA: (anacheka) Na kilemba chako.

BAKARI: Na kilemba changu. Pembeni yangu Mchina, nyuma Mbosnia, mbele kijana wa Guinea. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilianzishwa mwaka 1961, na wageni kutoka nje ndio wengi. Bwenini mnazungumza Kiarabu hicho hicho kibovu cha wote, hakuna wa kumcheka mwenzake.

REHEMA: Lakini wewe umetoka madrasa, nahau ulishaisoma.

BAKARI: Nahau ninayo. Nakuchambulia sentensi mpaka basi, ila kununua sabuni ni kazi. Ukiingia dukani na Kiarabu cha vitabuni, muuzaji anakutazama kama khatibu aliyepotea njia. Na yeye mwenyewe mara nyingi Mbangladeshi au Mpakistani, Kiarabu chake kakiokota mtaani. Mnamalizana kwa vidole.

REHEMA: Haya, tuingie msikitini kwa Mtume.

BAKARI: Watu nyumbani wanadhani mwanafunzi analala pale. Chuo kiko upande wa magharibi, bonde la Aqiq, na asubuhi yote ni darasa. Kwenda Haram, yaani huo Msikiti wa Mtume, ni jioni, kwa basi la wanafunzi. Sasa ile hadithi kwamba sala moja pale ni bora kuliko elfu kwingine, isipokuwa Makka, kila mmoja anaijua. Ukisali bwenini nafsi inakusuta. Kwa hiyo wageni wanajichosha: usiku Haram, asubuhi kichwa kiko juu ya daftari.

REHEMA: Na sala ya alfajiri bila kunuti, ile dua ya kunyanyua mikono?

BAKARI: Ah, umegusa penyewe! Sisi watu wa pwani ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kunuti ya alfajiri tumekua nayo. Pale imamu akiinuka kwenye rukuu ya rakaa ya pili, kidogo tu, huyo kashuka sijida. Mikono yako imeshaanza safari ya kunyanyuka. Bismillahi nayo huisikii, wanaisoma kimya.

REHEMA: Ulifanyaje?

BAKARI: Nilimfuata imamu, basi. Na ujue Imamu Shafii mwenyewe alikwenda Madina akiwa kijana, akasoma kwa Imamu Malik, aliyefia mji huo huo mwaka 179 Hijria. Baadaye akaja kukhitalifiana na mwalimu wake katika mambo mengi, na heshima ikabaki pale pale. Lakini kuna vijana wetu, likizo ya kwanza tu, wanarudi kuwavuruga msikitini wazee waliowafundisha alifu. Hilo mimi silipendi, na nalisema wazi.

REHEMA: Mombasa wanakusikia, kaka.

BAKARI: Wasikie.

REHEMA: Tuambie habari za pesa. Huku mtu akiwa Saudia tu, kila harusi anatumiwa kadi ya mchango.

BAKARI: Posho ipo, masomo ni bure, bweni ni bure. Ila kwanza upate iqama, kibali cha kuishi. Upimwe afya, alama za vidole, karatasi hii na ile. Bila iqama huna akaunti ya benki, bila akaunti hiyo posho iingie wapi? Wiki hizo unaishi kwa hisani ya Watanzania na Wakenya waliokutangulia. Wao ndio wanakuonyesha duka la ful na tamisi. Ful ni maharage ya kuponda, tamisi mkate mpana umetoka kwenye tanuri. Mmoja mnakula wawili, mnashiba.

REHEMA: Hali ya hewa?

BAKARI: Joto la Tanga lina jasho, unalijua. La Madina ni kavu, kiangazi linapita nyuzi 45. Midomo inapasuka, asubuhi unaamka puani kuna damu. Kanzu ukiianika, ukigeuka imeshakauka! Halafu usiku wa Januari unatafuta blanketi. Nani alikuambia jangwani kuna baridi?

REHEMA: Na zile salamu? Maana mimi mwenyewe nilikuagiza.

BAKARI: Nyie mlinielemea! "Nifikishie salamu kwa Mtume, niombee Rawdha, taja jina la mama." Nilikuwa na orodha kwenye simu. Na Rawdha, ile sehemu ya msikiti jirani na kaburi la Mtume, siku hizi unaomba nafasi kwa programu ya simu ya Nusuk, unapewa saa yako. Ukiingia, muda ni mfupi, watu wamebanana, nawe unapekua orodha uone nani bado hujamtaja.

REHEMA: Nilitajwa?

BAKARI: Ulitajwa, wa tatu. Lakini kilichonizoesha mji ni futari ya Jumatatu na Alhamisi. Umefunga, unaingia Haram kabla ya magharibi, mzee usiyemjua anakushika mkono wa kanzu: kaa hapa! Kama wewe ndiye unayemfanyia hisani. Nailoni imetandikwa juu ya zulia, tende, mkate, kikopo cha mtindi wa kunyunyizia duqqa, yaani viungo vya kusaga, na kahawa ya iliki isiyo na sukari. Adhana, mnafuturu, na kabla ya iqama ya sala nailoni imeshakunjwa na kila kitu ndani. Hata chembe huoni.

REHEMA: Mwisho: anayekwenda mwaka huu afungashe nini?

BAKARI: Vyeti vilivyogongwa mihuri yote, na nakala zake. Sweta. Mafuta ya mgando, kopo kubwa. Unga wa ugali na dagaa kidogo, kwa ajili ya wale wenyeji wako.

REHEMA: Dagaa kwenye begi la nguo?

BAKARI: Funga mifuko mitatu, uwe na subira na harufu.

REHEMA: Wiki ijayo tuna msikilizaji wetu aliyesoma Cairo. Fi amani llah.