Kutu Ina Mahali Pake: Mhadhara Kuhusu Kuchakaza Vifaru vya Rimoti

Mabibi na mabwana, wazee wetu mliofika, na vijana mliokuja na vifaru vyenu mikononi, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nimeombwa nieleze namna ya kukifanya kifaru cha rimoti cha kipimo cha 1/16 kionekane kimetoka vitani, si dukani. Nitaanza na jicho kabla ya brashi, kwa sababu jicho la mtu wa Mombasa limelelewa na chumvi. Tumezoea kuona mabati yaliyotobolewa na hewa ya bahari, mizinga ya Fort Jesus iliyoliwa na miaka, na mbavu za meli pale Kilindini zikitiririka kutu. Kwa hiyo tukishika rangi ya kutu, mkono hausimami. Kifaru changu cha kwanza, Tiger, kile cha Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, kama hiki kilicho mezani, nilikipaka kutu kuanzia mzinga hadi madigadi, na ilinichukua miezi kutambua kwamba nilikuwa nimetengeneza chombo kilichozama baharini.

Tazameni maisha ya kifaru chenyewe. Tiger nambari 131, kinachohifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la vifaru huko Bovington, Uingereza, kiliundwa mapema mwaka 1943 na kutekwa Tunisia mwezi Aprili mwaka huohuo. Bamba la mbele lenye unene wa milimita 100, likiwa na rangi yake juu, haliwezi kuoza kwa muda mfupi namna hiyo. Kilichokichakaza kifaru ni vumbi, buti za askari waliopanda na kushuka mahali palepale kila siku, mawe, joto, na petroli iliyomwagika wakati wa kujaza tangi. Basi kila doa mnalotia lazima liwe na aliyeliacha.

Mahali pa kutu ni ekzosi. Joto huunguza rangi, chuma kikabaki uchi, na hapo ndipo mnapoweza kutumia rangi zote za kutu, kuanzia hudhurungi nzito hadi ya machungwa, mkimalizia kwa masizi mdomoni. Mahali pengine ni minyororo, ambayo huwa ya hudhurungi kwenye mikunjo na kung'aa inapokanyaga ardhi na inaposuguana na magurudumu. Kwa mwenye minyororo ya chuma hakuna haja ya kuupaka mng'ao huo: kiendesheni kifaru kwenye saruji, na saruji itaufanya ipasavyo kuliko brashi yoyote. Lakini mwenye Sherman, kifaru cha Wamarekani, aangalie kwanza, kwani minyororo mingi ya Sherman ilikuwa na vipande vya mpira, na mpira haung'ai.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mkwaruzo wa milimita 1 kwenye kielelezo ni wa milimita 16 kwenye kifaru halisi. Chembe ya mchanga ya nusu milimita inakuwa kokoto. Kwa hiyo udongo wa kupaka chini ya madigadi upondwe, kisha uchekechwe kwa kitambaa cha leso iliyochakaa, mpaka uwe laini kama unga. Mikwaruzo itiwe kwa kipande kidogo cha sifongo kilichochovywa rangi kisha kikafutwa karibu yote, na zaidi pembezoni mwa milango ya juu. Kwa mabamba mapana napendelea njia ya dawa ya kushikiza nywele: paka rangi ya chini, ikinge kwa vanishi, nyunyizia dawa hiyo, kisha paka rangi ya juu ya akriliki. Ikishakauka, lowesha kwa maji na usugue taratibu kwa brashi ngumu, na rangi ya juu itabanduka bila mpangilio, kama inavyobanduka kweli.

Vanishi isiyong'aa isipulizwe siku za masika. Unyevu ukiwa mwingi hewani, vanishi huganda na utando mweupe, na nimeona kazi ya wiki tatu ikifunikwa na ukungu kwa dakika chache. Subirini siku kavu, na hata hapo ngojeni jua lipande.

Kifaru cha rimoti kina madai ambayo cha kabatini hakina. Rangi ya unga isiyofungwa kwa thina au vanishi itapukutika safari ya kwanza. Sehemu ya mzinga inayoteleza kwenda nyuma wakati wa kufyatua isipakwe kabisa, na tope la bandia lisizibe skrubu wala mlango wa betri. Tiger halisi kilikuwa na tani 57 hivi. Ukigawa kwa 4,096, yaani 16 mara 16 mara 16 kwa urefu, upana na kimo, unapata takriban kilo 14. Cha plastiki hakikaribii uzito huo, ndiyo maana hurukaruka kwenye mawe. Ongezeni vipande vya chuma chini, katikati, bila kuzielemea gia.

Mkikiendesha ufukweni, mchanga wetu wenye vipande vya makombe utasaga gia zisizofunikwa, na chumvi itaanza kula pini za minyororo usiku huohuo. Fungueni minyororo, isuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikausheni kwa kitambaa, kisha mtie tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pini kabla hamjalala.