Zulia, Nyumba na Mfuko Mmoja: Watu wa Yesu wa California

Ndugu zangu, nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi na leo ninalirudia, kwa sababu kila wanapotajwa Watu wa Yesu, yaani mahipi (vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 walioyakataa maisha ya kawaida ya jamii) waliookoka, wasimulizi hukimbilia magitaa na ubatizo wa baharini, wakaisahau nyumba ambamo vijana wale walikula na kulala.

Kisa cha zulia mnakijua. Mchungaji Chuck Smith wa Calvary Chapel, huko Costa Mesa, alipoanza kuwapokea vijana hao wakija peku, wazee wa kanisa waliohofia zulia lao jipya walibandika tangazo la kuwazuia wasio na viatu. Naye akalibandua, akasema kwamba ikiwa zulia ndilo litakalomfungia kijana mlango, basi na ling'olewe. Jibu hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Lakini ibada ikishakwisha usiku, kijana aliyetoka Haight-Ashbury, mtaa wa mahipi huko San Francisco, hana senti mfukoni, na LSD, dawa ya kulevya, ingali ikimwita, akalale wapi? Kanisa lenye mlango wazi lisilo na godoro lilikuwa limefanya nusu ya kazi. Ndiyo maana mwaka 1968 Lonnie Frisbee, kijana mwenye nywele ndefu, pamoja na John Higgins, walianzisha House of Miracles (Nyumba ya Miujiza), nyumba ya kupanga iliyofurika mara moja, hata Smith akasimulia kwamba kuna aliyelala ndani ya hodhi la kuogea.

Atasimama mtu aseme huo ni ukomunisti uliovikwa Biblia. Na afungue Matendo ya Mitume 2:44, asome kwamba walioamini walikuwa na "vitu vyote shirika". Vijana wale hawakushtushwa na aya hiyo, maana kugawana chakula na malazi walikwishakuzoea katika komuni za mahipi, yaani makazi ya kuishi pamoja. Kilichokuwa kigeni kwao ni nidhamu, yaani maombi, kazi, utii kwa kiongozi wa nyumba, na dawa za kulevya kupigwa marufuku.

Higgins alipohamia Oregon, nyumba za namna hiyo zilizaa Shiloh, jumuiya ya Kikristo ambayo katika miaka ya 1970 ilifungua zaidi ya nyumba 100 nchini Marekani. Vijana walipanda miti, wakachuma matufaha, na ujira wote ukaingia mfuko mmoja. Mwaka 1978 viongozi wenzake walimwondoa Higgins, nyumba zikafungwa moja baada ya nyingine, na aliyetoa miaka yake ya nguvu akaondoka bila akiba, kwa kuwa alichochuma kilikuwa cha wote. Mzozo wa kodi za biashara za Shiloh ukafuata, na mwaka 1989 Shiloh ikafa.

Muda umeniishia, kwa hiyo Jesus People USA, jumuiya nyingine ya Watu wa Yesu, ya Chicago, ninawagusia tu. Wao wameishi kwa mfuko mmoja tangu miaka ya 1970, wakiezeka mapaa ili wapate riziki na kuwahudumia wasio na makao. Ninawaheshimu, na swali langu kwao ni lile lile la Shiloh: anayetoka humo baada ya miaka 20, anatoka na nini mkononi?