Mwizi Hapigi Hesabu ya Miaka ya Kifungo

Ndugu zangu, kila uhalifu unapozidi, kauli ya serikali huwa ni ileile: tutaongeza adhabu. Miaka mitano iwe kumi, kumi iwe thelathini. Ukumbi unapiga makofi. Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka kulisema: mwizi hapigi hesabu ya miaka ya kifungo, anapiga hesabu ya kukamatwa. Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Italia, aliliandika mwaka 1764, na bado tunabishana!

Tazameni Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kunyongwa. Kuiba ndani ya nyumba mali ya kuanzia shilingi 40 lilikuwa mojawapo. Ukali gani tena mnautaka? Sasa ingieni mahakamani. Kesi inaamuliwa na raia 12, watu wa kawaida. Mbele yao amesimama mtumishi wa ndani aliyebeba nguo na vijiko vya tajiri wake. Ushahidi upo, kila mtu anaona. Lakini wakitamka thamani halisi, binti huyu anakwenda kitanzini. Basi wanateta kidogo, wanarudi na uamuzi: ameiba, ndiyo, ila mali ni ya shilingi 39. Kumbukumbu za mahakama za London zina hizo shilingi 39 tele. Na walioibiwa wengi hawakushtaki kabisa, maana nani anataka mtu anyongwe kwa ajili ya leso? Mwaka 1808 mbunge Samuel Romilly alifanikiwa kuliondoa kosa la uchomozi, yaani wizi wa mifukoni, kwenye orodha ya kunyongwa. Na mwaka 1830 wenye benki wenyewe, watu walioumizwa na noti za kughushi, wakaliomba bunge lifute adhabu ya kifo kwa kosa hilo. Walitaka waghushi watiwe hatiani, na kitanzi ndicho kilichokuwa kikiwaokoa.

Najua kuna anayesema moyoni: huyu anatetea wahalifu. Hapana. Jambazi afungwe, tena afungwe haraka. Ninachokataa ni serikali kuandika miaka 30 kwenye karatasi huku kituo cha polisi hakina mpelelezi. Mtu ameporwa simu, anaandikwa daftarini, anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi, askari aliyemwandika amehamishwa na jalada halionekani. Aliyempora yuko palepale kwenye kituo cha basi, jioni ileile. Sheria ya miaka 30 imemgusa wapi?

Mtasema: basi tuongeze doria. Doria ya kuzungukazunguka? Kansas City, Marekani, walilijaribu hilo mwaka 1972 na 1973. Maeneo mengine waliongeza magari ya polisi, mengine waliyaondoa yasubiri kuitwa, na uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana. Kule Minneapolis, mji mwingine wa Marekani, watafiti waliona kwamba takriban asilimia 3 tu ya maeneo ya mji ndiyo yaliyotoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Askari waende huko, wasimame wanapohitajika.

Muda unanibana, kwa hiyo taa za barabarani na kazi za vijana nitaziacha, ingawa zina uzito wake. Ila hili la Ujerumani Magharibi lazima mlisikie. Mwaka 1980 walianza kutoza faini waendesha pikipiki wasiovaa kofia ngumu. Lengo lilikuwa ajali. Lakini mwizi wa pikipiki huwa hatembei na kofia, hivyo akiiba tu, askari wa kwanza anamsimamisha. Kufikia 1986 wizi wa pikipiki ulikuwa umeshuka kutoka takriban 150,000 kwa mwaka hadi karibu 50,000. Hakuna aliyeongezewa hata siku moja ya kifungo!

Kwa hiyo waziri akija na muswada wa kurefusha vifungo, muulizeni: katika kila wizi 100 ulioripotiwa mwaka jana, ni mingapi iliyofika mahakamani? Akikosa jibu, arudi nao ofisini akalitafute kwanza.