Waini na chakula cha nyumbani: tuanze na ukakasi

Habari za jioni jamani. Naona kuna waliokuja kwa ajili ya somo na kuna waliokuja kwa ajili ya chupa, wote karibuni. Wale msiotumia kilevi kuna juisi ya zabibu kwenye jagi lile la bluu, mtafanya zoezi lote na sisi isipokuwa sehemu moja, ikifika ntawaambia.

Kabla sijamimina chochote nauliza, nani hapa hajawahi kula bibo? Bibo la korosho, unang'ata, utamu unakuja, halafu ghafla ulimi kama umepakwa chokaa na mashavu yanavutana kwa ndani. Ndizi mbichi nayo hivyohivyo. Hali hiyo Kiswahili kina jina lake, ukakasi, na ndo kitu cha kwanza kukijua kwenye waini nyekundu. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, kuna kitu kinaitwa tanini kinashikana na protini za mate, mate yanapoteza ule utelezi wake, mdomo unakauka. Watu wanaandika vitabu kuhusu hilo na mtoto wa Mtwara alishalijua zamani akiwa juu ya mkorosho.

Haya, glasi ya kwanza. Hii nyekundu ni ya zabibu ya Makutupora, ya hapahapa Dodoma. Vidole viwili tu, msijaze, hii si soda. Zungusha, nusa, piga funda moja, ulizungushe mdomoni. Dada wa mbele nimeona uso ulivyojikunja! Sasa chukua kipande cha nyama choma, kile chenye mafuta na chumvi, tafuna, kunywa tena. Eeh. Imelainika, si ndiyo? Na waini ni ileile, ila safari hii tanini imekutana na protini na mafuta ya nyama, haijaja kugombana na mate yako. Sasa nyama hiyohiyo ichovye kwenye pilipili, kunywa.

Mnaona! Pilipili na kilevi haviivi chungu kimoja, kilevi kinauchochea ule moto, halafu ukakasi unakuja kukaa juu yake. Wa juisi nyie mmesalimika, ndo ile sehemu niliyosema.

Hilo mimi nililijua kwa aibu. Mwaka wa kwanza nimeanza kujifanya najua waini nikaalika wageni nyumbani, nikanunua nyekundu ya bei mbaya, nzito, nikaiweka juu ya friji karibu na dirisha siku nne ili ionekane, nikapika kuku wa makange na pilipili mbuzi za kutosha. Chupa ishapigwa jua, chakula kinawaka, shemeji yangu akanywa funda moja akaomba Fanta. Chupa ilibaki nusu, na wageni wangu si watu wa kubakisha.

Tangu siku hiyo nikiulizwa "waini gani kwa kuku" nauliza kwanza, kuku kapikwaje? Kuku wa nazi, kuku wa kukaanga na kuku wa makange hao ni kuku watatu tofauti. Ile habari ya nyeupe kwa samaki nyekundu kwa nyama si uongo ila haifiki mbali kwenye jiko letu, maana sisi kinachoongea kwenye sahani ni mchuzi: nazi, ndimu, ukwaju, karanga, pilipili.

Glasi ya pili, nyeupe, ya zabibu iitwayo Chenin Blanc. Asili yake Ufaransa, bonde la Loire, Afrika Kusini wanailima sana na hapa Dodoma ipo. Sikia ule uchachu pembeni ya ulimi, mate yanajaa. Huu ndo unaoutaka kwa samaki wa kupaka, kwa sababu tui ni zito linatanda mdomoni na uchachu unalikata, kila tonge linakuwa kama la kwanza. Na ndimu je? Ukila kitu cha ndimu halafu ukanywa waini isiyo na uchachu wake, inapwaya, unaona kama umekunywa maji ya kusuuzia glasi. Kwa hiyo chakula kichachu, waini chachu. Mchicha wa karanga pia mpe huyuhuyu.

Halafu kuna ile tamu ya Dodoma ambayo wajuaji wanaicheka. Mi siicheki. Huku jua ni kali, mvua chache, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka zikiwa na sukari ya kutosha, na sukari inatuliza pilipili. Yule kuku wangu wa makange angepewa tamu iliyopoa vizuri shemeji asingeomba Fanta. Biriani nayo, iliki na mdalasini vinaelewana na utamu kabisa.

Suala la baridi nalipita haraka. Mtaambiwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, ila chumba cha hao waliosema hivyo kina nyuzi 16 mpaka 18, chumba chako mchana kina 30. Ikiwa ya moto utasikia kilevi tu kinapanda puani. Weka kwenye friji nusu saa, nyeupe iache masaa mawili au zaidi.

Naam, mzee kule nyuma? Dagaa. Swali zuri, na jibu ni usimpe nyekundu. Kwenye waini nyekundu mara nyingi kuna madini ya chuma kidogo, yakikutana na mafuta ya samaki ile shombo inafumuka upya mdomoni, unasikia kama umelamba msumari. Dagaa mkavu wa kukaanga na ndimu mpe Chenin baridi.

Na mlenda? Hahaa, nilijua mtaniuliza, niko kwa Wagogo. Mlenda nimeujaribu na zote tatu na bado umenishinda, ule utelezi unaupaka ulimi kama mafuta, waini inapita juujuu tu haishiki. Mama anasema anao kwenye hotpoti hapo, wa moto. Basi ulete mama, na chupa ile tamu nipeni tujaribu tena.